Rachel aliyeandikwa chini ya poda ya mama ni nani?

SWALI: Jambo, mama famasia. Nakuandikia kutoka Katuba, Lubumbashi. Mama yetu ametutoka mwaka jana, na baada ya matanga tulifungua valizi yake. Katikati ya vitenge tulikuta kibweta cha duara, rangi ya dhahabu. Ndani kina kioo, poda iliyogandamizwa ya rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na kile kitambaa laini cha kupakia. Poda imetumika kidogo tu, katikati kuna kishimo. Chini kuna karatasi ya duara. Jina la kampuni limefutika, yamebaki maneno Paris, Breveté S.G.D.G. na RACHEL 2. Pembeni kimebandikwa kikaratasi cha duka kinachoishia na É'ville, na bei kwa kalamu ya risasi: tarakimu tatu na "fr". Mama hakuitwa Rachel, na katika ukoo wetu hakuna Rachel. Dada zangu wanasema baba alikuwa na mwanamke, na hiyo namba 2 ndiyo biro ya pili yenyewe, yaani kimada. Eti mama alikificha kibweta kama ushahidi. Baba yuko hai, ana miaka 86, alikuwa karani wa kampuni ya madini ya Union Minière, walioana 1961. Hatujathubutu kumuuliza. Halafu binti yangu anaolewa Agosti na anataka kupaka poda hiyo ya bibi yake siku ya arusi. Mdogo wangu naye anataka kukisugua kibweta kwa limau na majivu king'ae, akiweke kwenye kabati la vioo. Tufanye nini?

JIBU: Dada yangu, pole sana kwa mama. Nianze na Rachel, maana naona ndiye anayewanyima usingizi, kisha tuje kwenye uso wa bi arusi na limau.

Rachel ni jina la rangi. Kwa miaka mingi viwanda vya poda vya Paris, London na New York viliuza poda ya uso katika rangi chache ambazo kila muuzaji alizijua kwa majina: Blanche ilikuwa nyeupe, Rose ya waridi, Naturelle ya ngozi ya kizungu ya kawaida, na Rachel ya maziwa yenye manjano kidogo, iliyokusudiwa wanawake wa kizungu wenye nywele nyeusi. Jina limetoka kwa mwigizaji wa Ufaransa, Rachel Félix, aliyezaliwa 1821 na kufariki 1858. Alikuwa binti wa wachuuzi maskini wa Kiyahudi, akaingia jumba la maigizo la Comédie-Française mwaka 1838 akiwa msichana mdogo, na kwa tanzia za waandishi Corneille na Racine akawa mwanamke anayejulikana kuliko wengi wa enzi yake Ulaya. Alipokufa, jina likabaki kwenye poda. Halikuwa mali ya kampuni moja. Wote walilitumia, na liliendelea kuchapwa kwenye vibweta miaka mia moja baada ya kifo chake. Namba 2 ni ukolezo wa rangi: Rachel ya kwanza nyepesi, ya pili imekolea kidogo. Mtu anayemwandikia mpenzi wake jina kwenye zawadi haweki namba, dada, labda awe karani mno.

Kwa hiyo ushahidi wa dada zako umeanguka. Sisemi baba yenu alikuwa malaika, hilo mimi sijui na kibweta nacho hakijui. Ninachosema ni kwamba hicho kitu hakimshtaki kwa lolote.

Sasa tukisome vizuri, kwa sababu mmenipa alama nzuri kuliko mnavyodhani. Kikaratasi cha duka kina É'ville, yaani Élisabethville. Mji wetu ulipewa jina la Lubumbashi mwaka 1966, kwa hiyo duka lilibandika kikaratasi hicho kabla ya hapo, au lilikuwa linamalizia vikaratasi vya zamani muda mfupi baadaye. Bei iko kwa faranga, na mwaka 1967 faranga ilipisha zaire, zaire moja kwa faranga elfu moja. Breveté S.G.D.G. ni muhuri wa hataza za Ufaransa, na maana yake ni kwamba serikali imesajili uvumbuzi bila kuudhamini. Utaratibu huo ulifutwa kwa sheria ya 1968. Alama tatu hazifahamiani na zote zinaonyesha upande mmoja. Hakuna orodha ya viungo, ambayo Ulaya iliilazimisha mwishoni mwa miaka ya 1990, wala mistari ya kusomwa na mashine, iliyoanza kuenea miaka ya 1970. Nikiweka pamoja na ndoa ya 1961, naona kitu kilichonunuliwa wakati wa uchumba wao au miaka ya kwanza ya nyumba yao.

Nani alikinunua, siwezi kuapa. Lakini rangi yenyewe inanipa wazo. Rachel 2 kwenye uso wa mwanamke wa hapa kwetu inaleta majivu. Oksidi ya zinki na ile ya titani zilizo ndani ya poda hurudisha mwanga, na juu ya ngozi nyeusi zinaacha utando wa kijivu, hasa mwanga mkali ukipiga. Mwanamke anayejinunulia mwenyewe, akijaribu mkononi mbele ya kioo, asingeichukua, isipokuwa hakuna nyingine. Na huenda hakukuwa na nyingine! Poda za ngozi nyeusi zilikuwapo duniani: kule Marekani Anthony Overton, mfanyabiashara mweusi, aliuza poda ya kahawia tangu mwanzo wa karne ya 20, na Fashion Fair ya Eunice Johnson ilianza Chicago mwaka 1973. Ila meza za maduka ya É'ville, ya Wagiriki, ya Wabelgiji, ya Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes, zilipangwa kwa ajili ya wanunuzi wa mji wa wazungu. Mji ulikuwa umegawanywa, wazungu upande wao na cité, mitaa ya Waafrika, upande wake, na ukanda mtupu katikati. Kijana karani anayevuka kwenda mjini na mshahara wake kununua zawadi alichagua katika kile kilichowekwa kwa ajili ya wengine.

Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi na nawajua wanaume wanaonunua poda. Hawaulizi rangi. Wananyoosha kidole kwenye kibweta chenye mfuniko mzuri, wanauliza bei mara mbili, wanalipa, wanaondoka haraka kana kwamba wameiba. Ndiyo maana nikisikia kibweta cha dhahabu chenye poda isiyofaa uso wa aliyepewa, akili yangu inaenda kwa mwanamume aliyependa kuliko alivyojua. Hiyo ni dhana yangu, ichukueni kama dhana.

Mnaweza kuipima, lakini. Tafuteni picha za studio za mama za miaka hiyo. Mkiona uso wake umekuwa mweupe kuliko mikono na shingo, alipaka. Wanawake wengi wa wakati ule wako hivyo kwenye picha, na watoto hudhani ni ubaya wa filamu au kwamba mama alikuwa anajichubua. Mara nyingi ni zinki tu, ikijibu taa ya mpiga picha.

Kisha mchukue kibweta chenyewe, dirishani, asubuhi, mikono mikavu. Kitazameni kabla ya mtu yeyote kukipangusa. Kwanza poda. Poda iliyogandamizwa ikitumiwa kila siku, mafuta ya ngozi hutoka usoni, yakapita kwenye kitambaa cha kupakia, yakarudi juu ya poda, na uso wake unafanya utando mgumu unaong'aa, hata poda inakataa kushika. Kishimo chenu kiking'aa namna hiyo, mama alikitumia mara nyingi kwa kipimo kidogo kidogo. Kama kishimo ni kikavu, hakina mng'ao, alipaka siku chache tu za maisha yake. Pili, bawaba. Fungueni taratibu msikie: imelegea, inacheza, au bado inabana? Tatu, mahali pa kubonyeza ili kifunguke. Hivi vibweta vingi ni shaba iliyochanganywa na zinki, juu yake kumepakwa dhahabu nyembamba sana au vanishi ya rangi ya dhahabu. Kidole gumba kikibonyeza sehemu moja kwa miaka, dhahabu inaisha pale na shaba inachungulia, imekolea zaidi.

Linganisheni hivyo vitatu. Poda imebaki karibu yote, lakini bawaba imelegea na gumba limekula dhahabu? Basi mama alikifungua mara nyingi sana bila kupaka. Alikuwa anajitazama, au ananusa, au anatazama tu. Kibweta kilichofichwa kama ushahidi wa biro ya pili hakifunguliwi namna hiyo. Na kama kila kitu kimebana na kung'aa kama kilivyotoka dukani, hilo nalo ni jibu: alikihifadhi na hakukizoea. Yote mawili nimewahi kuyaona kwenye vitu vya wazee, na kila mara familia ilikuwa imekwisha kuamua hadithi nyingine kabla ya kutazama.

Mwambie basi mdogo wako aweke limau chini. Asidi ya limau inakula shaba, na majivu ni msasa. Vikishirikiana vinaondoa dhahabu, vinafuta michoro, na kwanza kabisa vinafuta pale gumba la mama lilipokaa. Dawa ya meno ni vilevile, na zile krimu za kung'arishia madini pia. Mtapata kibweta kinachong'aa, kizuri, ambacho kingeweza kuwa cha mwanamke yeyote.

Hapo niruhusu nitoke njiani kidogo, mimi ni mtoto wa mji huu na madini hayanipiti hivi hivi. Kibweta ni mukuba, yaani shaba, na zinki. Tanuri ya hapa Lubumbashi ilianza kutoa mukuba mwaka 1911, na shaba nyingi ya Union Minière ilipelekwa Ubelgiji kusafishwa. Zinki ilichimbwa Kipushi, mwendo mfupi tu kutoka hapa, kwenye mgodi uliofungwa 1993 na kuanza tena kuzalisha 2024. Zinki iko mara mbili kwenye mali yenu: kwenye ganda na, kama oksidi, ndani ya poda. Siwezi kusema kibweta cha mama kilitoka ardhini kwetu, shaba ya dunia imechanganyika. Lakini baba yenu, aliyeandika tani za shaba kwenye madaftari ya kampuni, anaweza kuwa alilipa faranga za mshahara wake kuinunua tena, kipande kinachoenea kiganjani. Mkimwambia hivyo atacheka, wazee wa kampuni wanapenda hesabu za aina hii.

Turudi. Bi arusi asiipake. Hapa nasema kama mfamasia na silegezi.

Poda kavu haiozi kama krimu, kwa sababu haina maji ya kulisha vijidudu, na rangi yake nyingi ni oksidi za chuma, jamaa wa udongo wetu mwekundu, ambazo hazipauki kirahisi. Ndiyo maana inaonekana nzima, na ndiyo maana inadanganya. Sehemu kubwa ya poda hiyo ni talki. Talki hutoka kwenye miamba ambayo wakati mwingine imekaa pamoja na asbestosi, na wakati ule viwanda havikupima kwa vifaa vya leo. Asbestosi inajulikana bila ubishi kuwa inaleta saratani. Talki yenyewe, Julai 2024 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo yumkini vinaleta saratani. Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto yenye talki duniani kote mwaka 2023. Sitaki mshtuke kwa sababu mama alipaka mara chache miaka sitini iliyopita, hatari ya namna hii inaongezeka kwa kuvuta vumbi mara nyingi. Lakini hakuna sababu ya kumpakia msichana usoni, karibu na pua, vumbi ambalo hakuna anayejua limetoka mwamba gani.

Kuna na manukato. Poda za Paris zilitiwa harufu nyingi. Viungo vyepesi vya jamii ya machungwa na lavanda vikikaa na hewa miaka hugeuka, na vilivyogeuka ndivyo vinavyoamsha mzio. Tena manukato ya miaka ile yalitumia sana kiungo kimoja cha miski ya kutengenezwa, miski ambreti, kilichokuja kugunduliwa kuwa kinawasha ngozi ikipigwa na jua, na baadaye kikapigwa marufuku Ulaya. Sasa fikiria picha za arusi za saa sita mchana, Agosti, Lubumbashi, jua halina wingu, na bi arusi ana mabaka mashavuni. Kitambaa cha kupakia ndicho kibaya zaidi: kimeshika jasho, mafuta na ngozi ya zamani, na wadudu wa nguo hukipenda.

Na hata kama yote hayo yasingekuwepo, Rachel 2 ingempa majivu kama ilivyompa bibi yake, na mpiga picha wa leo ana taa kali kuliko zile za studio za zamani.

Anunue poda yake mpya inayofanana na ngozi yake. Aijaribu kwenye taya, nje, kwenye mwanga wa mchana, asiijaribu nyuma ya kiganja ndani ya duka lenye taa za rangi. Cha bibi akishike mkononi kikiwa kimefungwa, au akifungue apigwe picha akijitazama kwenye kioo chake bila kugusa poda. Picha hiyo itakuwa nzuri kuliko uso uliopakwa, maana hakuna anayeona poda imetoka kibweta gani. Asikubali fundi yeyote anayetaka kung'oa poda ya zamani aweke mpya ndani. Asikubali pia kubadilishiwa kioo. Vidoa vyeusi vya pembeni, kama vipo, ni fedha iliyo nyuma ya kioo inayochoka, haviambukizi kitu.

Kama ndani ya valizi hiyo mmekuta pia sabuni au krimu za kung'arisha ngozi, hizo ni habari nyingine kabisa. Wanawake wengi wa rika la mama walizitumia na sitaki mmhukumu kwa hilo. Ila sabuni nyingi za zamani za namna hiyo zilitiwa zebaki, na krimu zilitiwa hidrokwinoni, ambayo Afrika Kusini iliipiga marufuku kwenye vipodozi mwaka 1990. Zebaki imewekewa mkataba wa dunia nzima, wa Minamata wa 2013. Msijaribu, msimpe mfanyakazi wa nyumbani, msitupe jikoni motoni kwa sababu zebaki ikipata moto inakuwa mvuke na mvuke huo unavutwa na watoto. Fungeni ndani ya mifuko miwili, muipelekeni kwa mfamasia mnayemwamini. Picha ya boksi inatosha kama kumbukumbu.

Kuhifadhi kibweta hakuhitaji makumbusho. Adui zake ni unyevu wa masika yetu, kuanzia Novemba, na vumbi jekundu la kiangazi. Unyevu ukikutana na shaba na mafuta yaliyo ndani ya poda, bawaba inaota kutu ya kijani. Kabati la vioo linalopigwa na jua la mchana si mahali pake: linapasha moto, linafukuza harufu. Tafuteni boksi safi la karatasi ngumu, kitambaa cha pamba kilichofuliwa na kusuuzwa sana bila dawa ya kunukia, na vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vya kunyonya unyevu. Kikae kimelala, kisisimame, poda isije ikapasuka. Kitambaa cha kupakia kitoeni kikae peke yake ndani ya bahasha ya karatasi, kwenye boksi hilo hilo, kisiendelee kuigusa poda. Mkikuta vumbi, tumieni brashi laini juu ya ganda tu. Msipulize ndani.

Na msiweke naftalini karibu! Najua kila valizi ya Lubumbashi ina naftalini. Poda ya talki na kaolini, ule udongo mweupe, inanywa harufu, na ikishainywa ile ya naftalini hairudi nyuma. Mtakuwa mmebakiwa na ganda na kupoteza kitu ambacho naamini mama alikuwa anakifungulia.

Kuhusu harufu hiyo niseme zaidi. Manukato hayaondoki yote kwa pamoja. Vya machungwa na maua mepesi vimekwenda zamani. Vilivyobaki ni vile vizito: vanilini, kumarini, miski, labda urujuani. Ndiyo maana vibweta vyote vya zamani vina utamu fulani unaofanana, hata vikitoka viwanda tofauti. Kila mkikifungua, kidogo kinaondoka na hakuna wa kukirudisha. Sisemi msikifungue. Nasema msikipitishe mkono kwa mkono kwa kila shangazi na kila jirani anayekuja kusalimia. Hesabuni nani anastahili, na wa kwanza ni baba.

Harufu ina njia yake kichwani. Mambo tunayoyaona na kuyasikia hupita kituo katikati ya ubongo kabla ya kusambazwa, lakini harufu inaingia moja kwa moja jirani na sehemu zinazoshika hisia na kumbukumbu. Mzee asiyekumbuka alikula nini jana anaweza kunusa kitu akataja barabara, duka, mwezi. Ila pua pia inazeeka, na kwa miaka 86 huenda imepungua sana. Asiponusa kitu, msimwambie "lakini inanukia sana". Mpeni kibweta mkononi, mkono nao una kumbukumbu zake.

Nani amuulize? Si wewe, na dada zako wasithubutu kabisa. Binti kumuuliza baba yake mambo ya ujana wake na mama ni kumwekea kiti cha washtakiwa, tena mkiwa mmekusanyika wote na hilo jina Rachel mdomoni. Mwache bi arusi aende. Mjukuu wa kike kwetu ni mke wa babu yake kwa utani, ana ruhusa ambayo ninyi hamna. Aende jioni, peke yake, baada ya mzee kula bukari wake, amkalie karibu, amwambie: mume wangu, mimi naolewa, huyu mwenzangu ulimpa hiki, mimi umenipa nini? Asitaje Rachel. Asiseme kimekutwa wapi. Akae kimya amsubiri, hata kimya kiwe kirefu. Simu iwe inarekodi kama mzee hajali. Kama anajali, mjukuu aandike usiku huo huo, asingoje asubuhi.

Mzee akisema alikinunua yeye, aulizwe duka lilikuwa barabara gani na alikuwa amevaa nini. Watu husahau tarehe, hawasahau suti. 1961 ilikuwa miaka ya Katanga kujitenga, kulikuwa na mapigano mjini Septemba na tena Desemba, na akikumbuka kama maduka yalikuwa yamefungwa au wazi, mtajua ni kabla au baada. Akisema si yeye, kwamba mama alikuwa nacho tangu kwao, msikate tamaa na msibishe. Labda kilitoka kwa mama yake mdogo, au kwa madamu aliyemfanyia kazi, au alijinunulia mwenyewe kwa sababu kilikuwa kizuri na alikuwa msichana. Na hilo la mwisho mimi ningelipenda, maana wanawake wa rika lile tumewaandikia hadithi ambazo ndani yake kila kitu kizuri walipewa na mwanamume.

Jina la kampuni lililofutika tunaweza bado kulipata. Usiku zimeni taa, mulaze tochi ya simu ubavuni mwa karatasi, karibu kabisa iguse meza, ili mwanga uteleze juu yake. Herufi zilizogandamizwa na mashine zinaacha mabonde hata wino ukiisha, na mabonde yatatoa kivuli. Pigeni picha hapo, halafu nyingine ya mwanga wa kawaida, na moja ya ganda kwa ndani chini ya poda kama sahani yake inatoka bila kulazimishwa. Isipotoka, iacheni. Nitumieni, herufi mbili au tatu za mwanzo zinatosha mimi kuanza kutafuta.